Bunduki Iliyofungwa Mdomo

Feruzi alisikia harufu ya ile bunduki kabla hajaiona. Sadrack aliiweka juu ya meza ya kazi, pale barazani, ikiwa imeviringishwa katika kitenge kikuukuu, na papo hapo nzi wakatua juu ya kitenge kama walioalikwa.

"Papa Feruzi, nakuletea mugonjwa," Sadrack alisema. "Hataki kusema tena."

Feruzi alikuwa fundi wa cherehani. Ndivyo mtaa wa Kabondo ulivyomjua tangu alipokuja kutoka Kasongo akiwa kijana. Bunduki zilianza kuja baadaye, moja moja, za wawindaji wenye vibali, kwa sababu mtu anayeweza kufungua cherehani na kuirudisha bila skrubu kubaki mezani, watu humwamini na vyuma vingine pia. Hakuna aliyemfundisha. Alifungua kila kitu polepole, akapanga vipande kwa mfuatano wa kutoka kwake, akavitazama mpaka akaelewa kila kimoja kinafanya nini. Watu nao aliwatazama vivyo hivyo. Khadija, mkewe, alikuwa akisema kwamba mwizi akiingia ndani, Feruzi atamuuliza kwanza kama amekula.

Alifunua kitenge. Ilikuwa karabini ndogo, ile wanayoiita vingt-deux, yaani ishirini na mbili, ambayo Sadrack aliwindia kima na ndege katika misitu ya njia ya Ubundu. Feruzi aliuelekeza mtutu kwenye lundo la udongo uani, mahali pasipopita mtu, akashika kulasi, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, akakivuta. Kilikataa. Akavuta tena. Kikatoka kwa mlio wa mguu unaong'oka kwenye matope.

Akaingiza kidole kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, na kidole kikazama katika kitu laini.

Alikitoa akakitazama. Kilikuwa kimepakwa uji mzito, mweusi penye mwanga na mwekundu penye kivuli. Ndani ya uji mlikuwa na manyoya mafupi, majivu, na mguu wa mende. Alipoinamisha bunduki, funza wembamba wakaporomoka kutoka kwenye ufa kati ya chuma na mbao, wakaanza kujinyonganyonga juu ya meza. Harufu ikapanda yote kwa pamoja: mawese yaliyochacha, damu iliyooza, na kitu kingine kizito zaidi ambacho koo lake lilikikataa kabla akili haijakijua.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Dawa," Sadrack alijibu, kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa wake. "Muzee moja ya Ubundu alinipatia. Mawese, majivu, damu ya nyama ya kwanza, na mafuta ya ngulube. Kila nikienda pori, napaka. Bunduki lazima ikule, papa."

"Mafuta ya nini?"

"Ya ngulube. Ile ya pori, hapana ya nyumba." Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akaziba mdomo, lakini kicheko kikamponyoka kando ya vidole. "Pardon, papa! Kweli nilisahau. Lakini bunduki haina dini."

Feruzi hakucheka. Aliushikilia mkono wake mbali na mwili, kama mkono wa mtu mwingine. Khadija, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alikuwa amesikia.

"Umeweka nguruwe kwenye meza yangu?"

"Ni meza ya kazi, Mama."

"Ni ile tunayokulia Idi!"

Feruzi alikwenda kwenye pipa la maji. Alijisugua kidole kwa udongo, kisha kwa maji, mara saba kama alivyofundishwa utotoni, halafu kwa sabuni, ingawa sabuni hakuna aliyemwamuru. Alikinusa. Harufu ilikuwa bado ipo chini ya ukucha.

"Nitaisafisha," alisema aliporudi. "Ila usiipake tena huo uchafu. Ndio unaoinyamazisha."

"Ah, hapana papa. Dawa haina makosa." Sadrack aliketi kwenye benchi, akapunguza sauti kidogo, si kwa aibu, ila kwa sababu Khadija alikuwa karibu. "Kosa iko kwangu nyumbani. Mama alisha kusema. Bunduki ya mutu ikifungwa mudomo, ni bibi yake alifungua njia ingine. Naomie lazima ataje jina ya ule mwanaume, bunduki itafunguka. Dimanche, siku ya kanisa, tunamukalisha mbele ya watu. Akikatala, anarudi kwao Yanonge. Mutoto anabaki."

Aliyasema yote haya bila ukali. Alikuwa mtu mpole, Sadrack. Hata mbwa wa jirani alimfuata. Hilo ndilo lililomkera Feruzi baadaye, alipolifikiria.

"Wewe umemwona na mtu?"

"Mimi? Hapana. Lakini bunduki inakatala, si unaona?"

Alipoondoka, Feruzi alikaa muda akiitazama ile bunduki. Nyumba ya mtu ina mlango, na mgeni hubisha. Alijiambia kwamba kazi yake ni chuma.

Siku iliyofuata alifunga kitambaa puani akaanza. Aliondoa mbao, akaichomoa kulasi, akaifungua mpaka kwenye kipini cha kupigia na springi yake. Risasi ya bunduki kubwa hupigwa katikati ya kitako. Hii ndogo moto wake umefichwa ukingoni, katika ule mdomo mwembamba unaozunguka kitako, na kipini lazima kiruke kwa nguvu na kuubana ukingo ule. Kikichelewa kidogo, kikipita katika utelezi mzito, huugusa tu kama mtu anayebisha mlango hataki afunguliwe. Springi ya bunduki hii ilikuwa imezama katika mafuta yaliyoganda mpaka pingili zake hazikuonekana. Aliing'oa kwa kijiti. Ilitoka na utando mrefu wa rangi ya usaha, uliovutika, ukavutika, ukakatika, ukamwangukia kwenye goti.

Ilimbidi asimame, aende ukutani, ateme mate.

Aliloweka kila kipande kwenye mafuta ya taa. Alisugua kulasi kwa mswaki wa zamani, akatoa uchafu kwenye ile kucha ndogo inayovuta ganda la risasi, akapitisha kamba yenye kitambaa kutoka nyuma ya mtutu kwenda mbele, ili asikwaruze mdomo wake. Kitambaa cha kwanza kilitoka kama kilichofuta kidonda. Alikitupa motoni bila kukitazama mara ya pili, akapitisha kingine, na kingine, mpaka kikatoka na kijivu cha risasi tu. Mwishoni akapaka mafuta ya cherehani, tone hapa, tone pale, akafuta hata hayo, ukabaki mng'ao mdogo.

Alikuwa anaurudisha mtutu kwenye mbao zake Naomie alipoingia uani. Alikuja na boksi la bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani yake, lakini Feruzi aliona mara moja kwamba bobini ilikuwa nzima. Mashine ya Naomie haikuwahi kumpa kazi. Aliitunza kuliko washonaji wote wa mtaa. Aliifuta kila jioni na kuifunika kwa kitambaa cheupe.

"Papa, imeisha?" aliuliza, macho kwenye bunduki.

"Imeisha. Tatizo lilikuwa mafuta."

"Nilisema!" Sauti ilimtoka kubwa, akaishusha. "Nilimuambia Sadrack, mawese hapana mafuta ya mashine, itaganda. Mama mukwe akasikia. Akasema, ona, anaogopa dawa, kwa nini anaogopa dawa? Kuanzia siku ile ndiyo nikakuwa malaya." Alikaza kanga kiunoni. "Papa, umuambie aijaribu leo. Ikisema leo, Dimanche batakosa neno."

Feruzi alituma mtu, na Sadrack akaja kabla jua halijashuka. Feruzi alimwonyesha kila kitu: springi, kipini, kopo lenye uchafu aliougandua. Alimwambia aende porini asubuhi akaijaribu.

"Hapana, papa," Sadrack alisema, akiviringisha bunduki katika kitenge kipya. "Haijaribiwi mbele ya maneno ya nyumba kuisha. Ni hivyo kwetu. Mama alikataza."

"Jaribu mara moja tu. Kwa ajili yangu."

"Papa, we uko Muislamu, haya mambo huijui." Alimshukuru kwa mikono miwili, akaondoka.

Jumapili ikapita, na Jumatatu, na Jumanne. Jumatano asubuhi Sadrack alirudi akiwa juu ya pikipiki, ameegemeza paja la mboloko, swala mdogo wa msituni, kwenye tangi, uso umemjaa meno.

"Inasema! Papa, inasema! Risasi moja, nyama moja!"

Feruzi alisikia furaha ikimgusa, ile ya fundi, kisha ikasimama. "Na nyumbani?"

"Nyumbani kulikwisha vizuri. Alitubu." Sadrack aliketi kwenye benchi lile lile. "Alikatala, alikatala, Mama akasema bon, fungasha vitu. Alipoona banamushika mutoto, akataja. Kumbe ni Noël!"

"Noël gani?"

"Ule mutoto ya Mama Germaine, ule anauzisha makayabu, samaki ya chumvi. Alizama na mutumbwi huko Ubundu."

"Aliyekufa."

"Ndiyo. Donc hakuna amende ya kulipa, hakuna kupigana. Nilimusamehe. Siku ya pili nikaenda pori, na leo alfajiri, pah! Umeona, papa? Mama alikuwa na haki."

Feruzi alilitazama lile paja la mnyama, damu yake ikichuruzika juu ya tangi la pikipiki. Si damu aliyokuwa akiiona. Alikuwa anaiona kazi yake, kila tone alilopaka na kufuta, imechukuliwa na kuwekwa mbele ya watu kama shahidi dhidi ya mwanamke yule. Bunduki ilikuwa safi, na usafi wake ndio uliosema uongo.

"Umeipaka tena ile dawa?"

"Kidogo tu. Lazima ikule."

"Na ikinyamaza tena?"

Sadrack aliinua mabega. "Bon. Tutamuuliza tena."

Neno hilo lilimwingia Feruzi kama kidole kilivyoingia kwenye ule uji. Mafuta yataganda tena, katika siku chache au wiki chache. Wataketi tena, watamkamata mtoto tena, na Naomie atatafuta jina jingine. Na wafu wa kutajwa nao wana mwisho.

Alisimama akachukua chupa ndogo ya mafuta ya taa, mswaki wake, na vitambaa.

"Mama yako yuko wapi?"

"Shamba, kule ngambo ya mto, ukivuka pont Tshopo. Na Naomie."

"Nipeleke. Na bunduki. Na mkebe wako ule wa dawa, tuupitie nyumbani kwako."

"Papa, kuna nini?"

"Washa pikipiki."

Marie-Jeanne, mama yake Sadrack, alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia feri. Walimkuta amesimama katikati ya mihogo, jembe begani, akimwelekeza Naomie mahali pa kupalilia. Mngurumo wa maporomoko ya mto ulifika pale kama pumzi ya mtu aliyelala. Alipomwona Feruzi alicheka.

"We muzee wa sindano, unakuja kutulimia?"

"Nimekuja kuomba dakika chache, Mama. Simameni wote nyuma yangu."

Nyuma ya shamba kulikuwa na kichuguu kirefu, na nyuma yake ukingo wa udongo. Feruzi aliitoa kulasi, akaifuta dawa ile ya Sadrack, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akairudisha. "Piga kichuguu," alimwambia Sadrack.

Pah. Vumbi jekundu likaruka. Marie-Jeanne akapiga kigelegele kifupi. "Mudomo ulifunguka! Asante Yesu!"

Feruzi akaifungua bunduki tena. Akauomba mkebe. Sadrack alimpa, naye akaondoa kifuniko, na harufu ikatoka ikawapiga wote. Hata Marie-Jeanne aligeuza uso. Feruzi alikuwa na kijiti mfukoni. Alikishika, kisha akakirudisha. Alitaka waone ni mkono wa nani. Akasema bismillahi kimoyomoyo, kwa aibu, maana hakujua kama inafaa, akaingiza vidole viwili kwenye mafuta ya nguruwe.

Yalikuwa ya uvuguvugu kwa jua. Yalimpanda mpaka kwenye pingili. Aliyasindika ndani ya kulasi, kwenye springi, kuzunguka kipini, akiyakandamiza kwa kidole gumba mpaka yakafurika pembeni, meno yamekazana, machozi ya kichefuchefu yakimtoka. Akaufunga uchafu ndani, akampa Sadrack.

"Tia risasi. Piga."

Tik.

"Usifungue. Ngoja, huenda ikachelewa kulipuka; elekeza kule kule." Walingoja. "Sasa fungua. Tia nyingine."

Tik.

Marie-Jeanne aliangusha jembe. "Munaona! Munaona! Bado iko na mwingine!" Alimgeukia Naomie, kidole mbele ya uso wake. "Sema! Ni nani tena? Sema hapa hapa!"

Naomie hakumtazama. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Mama," Sadrack alisema.

"Nyamaza! Ulisamehe upesi, mi nilikuambia!"

"Mama, ni Papa Feruzi alitia. Tumemuona sisi wote."

"Basi ni ye alitufungia! Muchawi na meza yake!"

Feruzi aliichukua bunduki, akaitoa kulasi, akaiosha. Uchafu ulidondoka kwenye majani, na mchwa wakaukimbia. Aliifuta kwa kitambaa, kisha akamwomba Naomie mafuta, kwa kuwa alijua mshonaji yule hatembei bila kichupa. Naomie alikitoa kwenye pindo la kanga, akatia tone. Sadrack alipiga.

Pah.

Hapakuwa na kigelegele. Mwangwi ulipita juu ya mihogo ukaenda kufia kwenye maporomoko.

Feruzi alimnyooshea Sadrack mkebe. "Sasa tia wewe. Kwa mkono wako. Ili kesho usiseme ni mimi."

Sadrack aliuchukua. Kwa mara ya kwanza, pengine, aliuinamia kama mtu anayeangalia ndani ya kitu. Feruzi aliona pua yake ikikunjamana. Kidole chake kilifika ukingoni mwa mkebe kikasimama pale.

"Hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Papa, najua itasema nini."

Alijipangusa kidole kwenye suruali, ingawa kidole hakikugusa kitu. Alimgeukia mkewe, akatabasamu lile tabasamu lake la upole. "Bon, Naomie. Ilikuwa mafuta. Imeisha. Turudi nyumbani."

Feruzi, aliyekuwa amevumilia funza na nguruwe, alihisi hilo tabasamu ndilo litakalomtapisha.

"Imeisha?" Naomie aliuliza taratibu. "Mi nilitubu mbele ya watu, Sadrack. Nilimutia Noël kwenye kitanda chako, na Noël hakunigusa hata mukono. Mama yake anakaa kona na makayabu yake. Asubuhi alikuwa ananisalimia kuliko watu wote. Sasa nikipita, anafunika samaki. Nani atamuambia?"

"Nitamuambia polepole..."

"Leo. Mbele ya watu, kama mi nilisema. Na mama yako asikie."

Marie-Jeanne alifungua mdomo. Mwanawe akainua kiganja, si kwa nguvu, lakini hakuwahi kumwinulia kiganja mama yake, na mdomo ule ukafunga wenyewe.

Waliondoka kwa pikipiki, Sadrack mbele, Naomie nyuma, mkebe mkononi mwake, ameushika mbali na nguo. Marie-Jeanne alibaki shambani akilima mahali palipokwisha kulimwa. Feruzi alirudi kwa miguu. Juu ya daraja la Tshopo watu walikuwa wakipita na baiskeli za makaa, na alitembea ameuweka mkono wake wa kulia mbali na mwili, asimguse mtu. Nyumbani Khadija alimtazama mara moja, akaenda kuleta udongo na maji bila kuuliza neno. Jioni ile hakula.

Naomie alikuja siku ya pili. Safari hii hakubeba bobini.

"Alisema," alimwambia Feruzi. "Alitetemeka, lakini alisema. Mama Germaine alimupiga kofi, watu wote wakaona. Halafu akalia, akanipa makayabu."

"Na wewe?"

"Mi sijui bado, papa. Niko nawaza. Mutoto niko naye. Mukebe nilitupa kwenye choo."

"Vizuri. Sadrack amesema ataniletea bunduki niwe naisafisha."

"Usikubali."

"Kwa nini?"

"Asafishe mwenyewe, anuse mwenyewe," Naomie alisema. "Kichupa cha mafuta nilifungia kwenye sanduku yangu, ufunguo uko hapa." Alijigusa kifuani. "Akitaka bunduki iseme, ataniomba. Na nitampa tone moja."

Alikwenda zake. Feruzi alivuta cherehani iliyokuwa ikimngoja, akaanza kulegeza skrubu zake. Alipoinama karibu na mkono wake, ile harufu ilikuwa bado ipo chini ya ukucha. Akainuka kwenda kwenye pipa la maji.